Gudulia la Mjerumani: La kale lina sheria, la juzi halina bei

MFANYABIASHARA wa Kasoli, wilayani Bariadi, hanunui pamba kwa kusimuliwa. Huitia mkono, huangalia kama imemwagiwa maji au kuchanganywa na mchanga, kisha huipandisha kwenye mizani. Lakini mtu huyo huyo akiletewa habari ya "mali ya Mjerumani", mara nyingi mizani huwekwa kando, masikio yakabaki kufanya kazi peke yake.

Habari za mali hiyo ni za miaka mingi nchini: masanduku yanayosemekana kufukiwa wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, rupia, na vyombo vya zamani vinavyodaiwa kuwa na nguvu. Kati ya vyombo vya Kijerumani, kimoja kweli kilitumika kwa kinga na kweli kina soko Ulaya. Ni gudulia lenye uso wa mzee mwenye ndevu. Kwa kuwa ukweli kidogo ndio chambo kizuri cha utapeli, mwenye mtaji mdogo anafaa kulijua.

Bidhaa yenyewe

Magudulia haya yalifinyangwa kwa wingi katika karne ya 16 na 17 huko Cologne, Frechen na miji mingine ya eneo la mto Rhine. Udongo ulichomwa kwa joto la nyuzi 1,200 hivi hadi ukawa mgumu kama jiwe, na chumvi ikatupwa tanuruni. Mvuke wake uliacha ngozi inayong'aa, yenye vijipele kama ganda la chungwa. Chombo hakikuvuja, hivyo kikapendwa kwa mvinyo na bia, na Waholanzi wakakisafirisha mbali. Meli yao Batavia, iliyozama magharibi ya Australia mwaka 1629, ilikuwa na magudulia hayo.

Waingereza walilipachika jina la Kardinali Roberto Bellarmino (1542-1621), ingawa uso huo ulikuwapo sokoni kabla ya kardinali huyo kuzaliwa.

Kinga ya kizingitini

Katika karne ya 17, Mwingereza aliyeamini amerogwa alilijaza gudulia mkojo wake, misumari, pini na nywele, akaliziba na kulifukia chini ya jiko au kizingiti ili uchawi umrudie aliyeutuma. Moja lilifukuliwa Greenwich, London, mwaka 2004. Lilipofunguliwa na wataalamu mwaka 2009 lilikutwa na mkojo, misumari 12, pini 8, salfa, nywele, vipande vya kucha na kipande cha ngozi chenye umbo la moyo, kikiwa kimetobolewa kwa msumari.

Msukuma hatashangazwa na orodha hiyo. Katika dawa za kwao ipo samba, ya kuvuta watu, na lukago, ya kukinga. Zindiko la kufukiwa mlangoni pa duka si habari mpya kwa mfanyabiashara yeyote.

Hata hivyo, soko la Ulaya halilipii nguvu ya dawa. Makumbusho hulithamini gudulia lililozibwa kwa sababu yaliyomo yanaeleza watu wa wakati ule waliogopa nini. Likifunguliwa ovyo, sehemu kubwa ya ushahidi huo hupotea. Minadani huangaliwa uzima wa chombo, nembo, tarehe na ubora wa uso. Ya kawaida huuzwa kwa mamia ya pauni, na yaliyo adimu kwa maelfu.

Hesabu ya Kasoli

Wajerumani walifika Usukuma miaka ya 1890, wakati biashara ya magudulia hayo ilikuwa imekwisha zamani. Viwanda vya Ujerumani vya karne ya 19 vilitengeneza nakala za mtindo wa kale, pamoja na chupa za kawaida za maji ya madini za udongo huo huo. Anayeokota chombo penye gofu la enzi hizo ategemee zaidi vitu vya namna hiyo, ambavyo bei yake ni ndogo.

Na likiwa la kale kweli? Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakilinda kitu chochote kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Kukiuza au kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali cha serikali. Kwa hiyo mlanguzi anayenong'oneza "halisi, la miaka mia nne" anamuuzia mteja kesi. Anayeuza nakala ya juzi kwa bei ya kale anamuuzia hasara.

Hatari kubwa zaidi iko kwa anayedai malipo ya mganga ili "kulifungua" kabla mnunuzi hajaliona. Fedha hizo hazina risiti wala mdhamini. Isitoshe, imani ya utajiri wa haraka imekwisha gharimu maisha ya watu wenye ualbino Kanda ya Ziwa.

Atakayeletewa gudulia alipime kama pamba. Aguse ngozi yake kama ina vijipele vya chungwa. Aligeuze: ya kale mara nyingi yana mistari ya mviringo kitakoni, iliyoachwa na uzi wa kukatia udongo. Akiona alama hizo, apeleke taarifa kwa wahusika wa mambo ya kale kabla ya kutaja bei. Asipoziona, fedha zake zisubiri msimu wa pamba.