Je, Wajua? Mkoko ndio uliopima chumba

Boma la Kale la Dar es Salaam, Mtaa wa Sokoine, jirani na gati la boti za Zanzibar, lilijengwa miaka ya 1860 enzi za Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, bila saruji wala nondo. Kuta zake nene ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Chokaa nayo ilitokana na matumbawe hayohayo, yakichomwa kwa kuni.

Dari zilibebwa na boriti za mikoko, mti mgumu usioliwa kirahisi na mchwa. Boriti nzuri ilikuwa na urefu wa takriban mita 3, ndiyo maana vyumba vya majumba ya kale ya pwani ni virefu lakini vyembamba. Fundi alifuata mti.

Jambo moja linaumiza: kuta za namna hii kupigwa plasta ya saruji. Chokaa hupitisha unyevu. Saruji huunasa ndani, chumvi ikatafuna jiwe na plasta ikabanduka vipande vipande. Kama una nyumba ya matumbawe, tafadhali mwambie fundi wako achanganye chokaa, asifungue mfuko wa saruji.