Katazo na Wakati: Mapenzi katika Riwaya ya Mbio za Magari ya Erich Maria Remarque

Riwaya ya mapenzi yaliyokatazwa ni kongwe, na msuko wake hujulikana na msomaji kabla hajafungua ukurasa wa pili. Wawili hupendana, baba, mali, dini au ukoo huwazuia, hatimaye hutoroka, au hutengana, au hufa. Kwa sababu hiyo wahakiki wengi huitia katika kapu la riwaya pendwa na kuiacha humo. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi riwaya moja ya Kijerumani, iliyojengwa juu ya mbio za magari, ilivyolitwaa umbo hilo na kulipa maana mpya kwa kubadili jambo moja tu, nalo ni yule anayekataza.

Riwaya yenyewe ni Der Himmel kennt keine Günstlinge ya Erich Maria Remarque, iliyotoka kitabuni mwaka 1961. Jina lake laweza kufasiriwa kuwa ‘Mbingu Hazina Kipenzi’. Katazo la serikali mwandishi huyu alilijua vyema: mwaka 1933 vitabu vyake vilichomwa moto na wafuasi wa Hitler, na mwaka 1938 alivuliwa uraia. Mbio za magari nazo hazikuwa ngeni kwake. Katika miaka ya 1920 aliliandikia gazeti la kampuni ya matairi mjini Hannover, na riwaya yake Station am Horizont, inayohusu madereva wa mashindano, ilichapishwa kwa mfululizo katika gazeti la Berlin mwaka 1927 na 1928.

Kisa ni hiki. Clerfayt, dereva wa mashindano ambaye ujana umeanza kumpa kisogo, anapanda milima ya Uswisi kumzuru mwenzake Hollmann, anayeuguzwa kifua kikuu. Huko anakutana na Lillian, msichana mwenye maradhi hayo hayo. Kanuni za hospitali ni kali, na Boris Wolkow, Mrusi mgonjwa ampendaye Lillian, anamsihi abaki. Lillian anaivunja amri. Anashuka na Clerfayt, anafika Paris, na fedha zake anazitumia kununulia mavazi badala ya kuziweka akiba.

Yafaa hapa kulinganisha. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), Zakaria anampiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Katazo hilo lina sura na sauti. Lakaa nyumbani, na Rosa akienda shuleni analiacha nyuma, ingawa madhara yake anakwenda nayo. Katazo la daktari haliachwi nyuma. Baba aweza kudanganywa, aweza kuombwa radhi, aweza hata kufa. Bali ugonjwa husafiri kifuani mwa msafiri mwenyewe. Lillian amewatoroka wauguzi, lakini hakulitoroka lile walilokuwa wakilikataza kwa ajili yake.

Ndipo inapoonekana kazi ya mbio za magari katika riwaya hii. Msomaji wa haraka aweza kuziona kuwa mandhari tu, pambo la kuvutia vijana. Sivyo. Miongoni mwa mashindano yanayosimuliwa ni Mille Miglia ya Italia, ambayo, mfano wa Safari Rally iliyoanza Afrika Mashariki mwaka 1953, yalikimbiwa katika barabara za kawaida: takriban kilomita 1,600, kutoka Brescia hadi Rome na kurudi. Mwaka 1957 gari moja liliacha njia likaua watu, watazamaji wakiwemo, na mbio hizo zikakomeshwa. Wasomaji wa 1961, basi, hawakuhitaji kuelezwa kwamba dereva ni mtu aliyekopeshwa uhai. Clerfayt anahesabu sekunde, Lillian anahesabu siku. Wote wawili hawana kesho. Usawa huo ndio unaoyawezesha mapenzi yao.

Mapenzi yenyewe ndiyo yanayouvunja usawa huo. Kadiri Clerfayt anavyozidi kupenda ndivyo anavyozidi kuitamani kesho: anataka ndoa, anataka nyumba. Lillian hana cha kuweka katika nyumba hiyo, naye anaamua kumwacha. Katazo limehama sasa, kutoka kinywani mwa daktari hadi moyoni mwa mpenzi. Lakini kabla hajaondoka, Clerfayt anafia katika mashindano ya Monte Carlo. Mzima ametangulia, mgonjwa amebaki. Akiwa njiani kurejea mlimani Lillian anakutana na Hollmann, aliyepona na anayekwenda kushika nafasi ya marehemu. Baada ya majuma machache Lillian naye anakufa. Jina la riwaya lapata maana yake hapo: mwenye afya hakupendelewa, wala mwenye tahadhari, wala mwenye kuthubutu.

Kwamba mpangilio huo si wa kubahatisha kwathibitishwa na filamu Bobby Deerfield, iliyotengenezwa na Sydney Pollack mwaka 1977 kutokana na riwaya hii. Katika filamu hiyo mwanamke ndiye anayekufa na dereva ndiye anayebaki. Badiliko laonekana dogo, lakini laibomoa hoja yote. Mgonjwa akifa na mzima akabaki, daktari alisema kweli, na kisa chawa maombolezo ya kawaida. Mzima akitangulia, swali lamrudia msomaji: nani basi aliyekuwa na haki ya kumkataza mwenzake kuishi?

Funzo kwa uhakiki wa riwaya ya Kiswahili ni la wazi. Haitoshi kusema kwamba kitabu fulani ni cha mapenzi, kisha kukipima kwa wingi wa machozi yake. Budi iulizwe ni nani anayekataza, katazo lake lakaa wapi, na kama mvunjaji aweza kulikimbia. Riwaya ambayo katazo lake laishia mlangoni kwa baba humalizika mlango ukifunguliwa. Ile ambayo katazo lake li ndani ya wakati wenyewe haina mlango, na mwandishi wake hulazimika kuandika juu ya uhai wote.