NOA PATASI YAKO, USIIUNGUZE

Ndugu msomaji, seremala mwenye patasi butu huchoka upesi. Tena yumo hatarini. Kwa nini? Patasi butu haikati, basi fundi huisukuma kwa nguvu. Ikiteleza, mkono ulioshika ubao ndio unaoumia.

Kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kusaga kwenye cherehe, yaani lile jiwe la kuzunguka. Kazi hii hufanywa patasi ikiwa na pengo au mshazari wake ukiharibika. Ya pili ni kunoa kwenye kinoo. Hii ni ya kila siku.

Kwenye cherehe, vaa miwani ya kukinga macho. Urefu wa mshazari uwe kama mara 2 na nusu ya unene wa patasi. Lakini jihadhari na moto! Jiwe likienda kasi, chuma hupata joto. Ncha ikiwa ya manjano kama majani makavu, joto limefika kama digrii 230. Ikigeuka buluu, limefika karibu digrii 300. Hapo ugumu umekwisha kuondoka. Utainoa, itakuwa kali, lakini makali hayatadumu. Kuitia majini wakati huo hakurudishi ugumu. Itabidi usage mpaka sehemu ya buluu iishe, na patasi yako imekuwa fupi. Kwa hiyo usingoje rangi. Gusa jiwe kidogo, chovya majini, kisha gusa tena.

Sasa twende kwenye kinoo:

1. Tia mafuta mepesi, au maji kama kinoo chako ni cha maji.
2. Laza mshazari juu ya kinoo, halafu inua mpini kidogo tu.
3. Sugua mbele na nyuma. Tumia kinoo chote, kisije kikafanya shimo katikati.
4. Papasa mgongo wa patasi kuelekea nje. Ukisikia chuma kimejikunja kidogo ukingoni, inatosha.
5. Geuza. Laza mgongo bapa kabisa, usugue taratibu mpaka mkunjo ule utoke.

Usijaribu makali kwa kidole. Kata mwisho wa ubao laini, kukingama nyuzi. Patasi kali huacha uso laini. Butu huponda nyuzi.

Wahenga walisema, kinolewacho hupata. Lakini kinachounguzwa hupotea.

Maswali ya kuzungumza:
1. Kwa nini patasi butu ni ya hatari?
2. Rangi ya buluu inatuambia nini?