Nanosekunde Kumi: Kukaza RAM Bila Kuharibu Mafaili

Kwenye kibandiko cha RAM ya kompyuta ya mezani mara nyingi huandikwa hivi: DDR4-3200, 16-18-18-38. Wanunuzi wengi huishia kwenye 3200, kwa kuwa ndiyo inayotangazwa kwa herufi kubwa. Leo nazungumzia zile namba nne za nyuma. Ndizo zinazoeleza RAM inachukua muda gani kujibu inapoulizwa, na zikichezewa ovyo huharibu mafaili ya mtu bila kumpa dalili yoyote.

Mwaka 1968 Robert Dennard, mhandisi wa IBM, alipewa hataza ya kumbukumbu ambayo kila biti yake hukaa kwenye transista moja na kapasita moja. Muundo huo ndio uliomo mpaka leo ndani ya RAM zetu. Kapasita ikiwa na chaji husomeka 1, ikiwa haina husomeka 0. Mabilioni ya kapasita hizo yamepangwa kwa safumlalo na safuwima, na prosesa haiwezi kuichomoa biti moja pale ilipo. Lazima safumlalo nzima ifunguliwe kwanza, chaji zake zitiririke kwenye nyaya, na vikuza-ishara vilivyo pembeni vihisi tofauti ndogo sana ya volti na kuikuza mpaka ieleweke. Hapo ndipo safuwima inayotakiwa huchaguliwa. Ikihitajika safumlalo nyingine, ile ya kwanza hufungwa na nyaya hurudishwa kwenye volti ya katikati kabla ya kazi kuanza upya.

Namba za kwenye kibandiko ni muda wa kusubiri katika kila hatua ya kazi hiyo. Ya kwanza, CL, ni kusubiri baada ya safuwima kuchaguliwa mpaka data itoke. Ya pili, tRCD, ni kusubiri safumlalo ifunguke. Ya tatu, tRP, ni kusubiri ifungwe. Ya nne, tRAS, ni muda mfupi kabisa ambao safumlalo ikishafunguliwa lazima iachwe wazi.

Kosa la kawaida hapa ni kuona 16 ni ndogo kuliko 30 na kuhitimisha kwamba RAM ya 16 ndiyo ya haraka. Namba hizi ni hesabu ya mapigo ya saa ya RAM, na urefu wa mpigo hutofautiana. Ukiambiwa nyumba iko hatua thelathini kutoka barabarani, utauliza hatua za nani, za mtoto au za mtu mzima. Kanuni ni rahisi: zidisha CL kwa 2000, kisha gawa kwa ile namba kubwa ya kasi. DDR4-3200 yenye CL16 hutoa nanosekunde 10. DDR4-3600 yenye CL18, nanosekunde 10. DDR5-6000 yenye CL30, nanosekunde 10 vilevile. Hata DDR3-1600 ya CL11 na DDR4-3200 ya CL22 zinalingana, zote nanosekunde 13.75. Kilichokua kutoka kizazi hadi kizazi ni wingi wa data inayopita kwa sekunde. Muda wa kusubiri data ya kwanza haujapungua kwa kiasi kama hicho, kwa sababu unategemea chaji na nyaya.

Ndiyo maana sipendi kuona mtu akihangaika na CL peke yake. Kuishusha kutoka 16 hadi 14 kwenye DDR4-3200 huokoa nanosekunde 1.25. Lakini prosesa ikikuta safumlalo isiyo yake iko wazi, hulazimika kufunga, kufungua, kisha kusoma: 18 jumlisha 18 jumlisha 16, yaani mapigo 52, sawa na nanosekunde 32.5. Anayetaka kupunguza kusubiri kwa kweli aziangalie hizo 18 mbili pia.

Sasa tRAS, ambayo ndiyo inayodharauliwa zaidi. Kusoma safumlalo huiharibu: chaji imeshamwagika kwenye nyaya, na vikuza-ishara hulazimika kuirudisha kwenye kapasita. Kurudisha huko kunataka muda. Ukikaza mno, yaani ukiipunguza namba hii kupita kiasi, safumlalo inafungwa kabla kapasita hazijajaa. Kompyuta haitazimika wala kutoa onyo, kwa kuwa data iliyosomwa wakati ule ilikuwa sahihi. Kilichobaki nyuma ni chaji dhaifu, na chaji hiyo itakaposomwa baadaye huenda 1 ikaonekana 0. Fundi atatafuta kosa kwenye programu iliyokuwa ikifanya kazi muda huo, na programu haina hatia.

Udhaifu huo unakutana na jambo jingine: kapasita huvuja hata zikiachwa zitulie. Kwa hiyo DDR4 hutakiwa kuchajiwa upya yote ndani ya milisekunde 64, na kazi hiyo hugawanywa katika amri 8192, moja kila baada ya mikrosekunde 7.8 hivi. Kwa chipu za gigabiti 8, kiwango rasmi cha JEDEC, chombo cha viwango vya RAM, hutenga nanosekunde 350 kwa kila amri, na katika muda huo chipu haisomeki wala haiandikiki. Ni kama asilimia 4.5 ya muda wote. Wanaokaza RAM kwa ujuzi huanzia hapa, kwa kufupisha tRFC, ambayo ndiyo hizo 350, au kurefusha tREFI, ambayo ndiyo hizo 7.8. Faida yake huonekana kweli, na hatari yake pia ni ya kweli, kwa sababu joto huongeza kuvuja. Kiwango hichohicho kinataka kuchaji kufanywe mara mbili zaidi chipu inapopita nyuzijoto 85. Chumba cha Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Februari, bila kiyoyozi, si maabara ya Ulaya. Mpangilio ulionakiliwa kutoka kwa mtu wa nchi ya baridi usiuamini mpaka uupime mchana, feni za kwako zikiwa zinahangaika.

Kabla ya yote hayo, kuna faida ambazo wengi wameziacha mezani. Kompyuta yenye RAM moja inatumia njia moja tu. Ongeza ya pili inayofanana nayo, katika nafasi inayoelekezwa na kitabu cha mazabodi, na upana wa njia unakuwa maradufu. Kisha ingia BIOS uangalie kasi. RAM iliyouzwa kama DDR4-3200 mara nyingi huwashwa kwa 2133 au 2400 mpaka mwenyewe achague wasifu wa XMP, au EXPO kwa baadhi ya RAM za DDR5. Kwa watu wengi kazi iishie hapo. Ukichanganya RAM za aina mbili, mazabodi kwa kawaida itachagua muda wa ile ya polepole, na ukiilazimisha vinginevyo unatafuta matatizo.

Anayeendelea abadilishe namba moja kwa wakati mmoja, aiandike kwenye daftari, apime, ndipo aguse nyingine. Data muhimu iwe imehifadhiwa kwingine, na Windows au Linux isisakinishwe wakati RAM bado inajaribiwa. MemTest86 huwashwa kutoka kwenye fleshi, nje ya mfumo wa kompyuta, na iachwe usiku kucha. TestMem5 ni kali zaidi kwa makosa yanayotokea RAM ikiwa imepata moto. Kosa moja tu likitokea, mpangilio umeshindwa. Hakuna kosa moja dogo la kuvumilia. Biti moja iliyogeuka ndani ya picha inaweza kuacha mstari wa rangi. Ndani ya faili la hesabu za duka inaweza kubadili tarakimu. Ndani ya orodha ya mafaili ya diski inaweza kupoteza folda nzima. Mwaka 2009 mtafiti Bianca Schroeder na wenzake wa Google walichapisha vipimo vya seva za kampuni hiyo, na zaidi ya asilimia 8 ya RAM zilionyesha makosa ndani ya mwaka mmoja. Seva hizo zilikuwa na ECC, mfumo wa kuyagundua makosa hayo. Kompyuta nyingi za nyumbani hazina.

Kompyuta ikikataa kuwaka baada ya mabadiliko, usiogope. Chomoa umeme, futa CMOS, mahali mpangilio wa BIOS unapotunzwa, kwa kutoa betri ndogo ya mazabodi au kwa pini zilizowekwa kwa kazi hiyo, nayo itarudi kwenye mpangilio wa kiwandani. Kuwaka kwa mara ya kwanza kunaweza kuchukua dakika kadhaa, hasa kwa DDR5, kwa kuwa mazabodi inajifunza upya namna ya kuwasiliana na RAM. Na BIOS ikisasishwa, mpangilio wako mara nyingi hufutwa, na namna ya kujifunza huko inaweza kubadilika pia. Namba zilizopita mtihani mwaka jana zirudishwe kutoka kwenye daftari na zipimwe tena usiku kucha.