Tunapojenga, Makuta Yetu Yaende Wapi Kwanza?



Katika vikao vyetu vya likirimba kuna ulizo linalorudi kila mwaka, zaidi sana mwezi wa tano, kiangazi kinapokaribia. Mama anayepokea zamu yake anauliza: "Nimepata pesa kidogo, tunataka kujenga. Niongeze pesa wapi, nipunguze wapi?" Leo tunajibu kwa yale tuliyopitia sisi wenyewe, pamoja na kosa letu, kwa sababu kosa hilo lilikaribia kuleta kilio.

Sisi nyumbani ni walimu wawili, na watoto wanne. Tulijenga hapa Bukavu, kwenye mlima, kama watu wengi wa Kadutu, Bagira na Ibanda. Anayeujua mji wetu anajua kwamba sehemu tambarare zilikwisha zamani. Anayenunua kiwanja leo, mara nyingi ananunua mteremko. Kwa mshahara wa ualimu, nyumba yetu ilitumia viangazi sita.

Kosa letu

Kiangazi cha kwanza tulikata mlima ili tupate pahali pa kuweka nyumba. Udongo tuliochimba tuliumwaga upande wa chini, tukaukanyaga, tukafurahi kuona kiwanja kimekuwa kikubwa. Pesa iliyobaki tukanunua karo za kupanga chini kwenye saloni. Bei ilikuwa nzuri, na mmoja wetu alisema: "Wageni wakiingia wataona nini kwanza? Si saloni?" Mwingine hakukataa. Karo zikawekwa chini ya kitanda, katika nyumba tuliyokuwa tunalipia kodi.

Mwezi wa tisa mvua ikarudi. Siku moja saa nne asubuhi, udongo ule tulioumwaga ukateremka wote juu ya jikoni ya jirani wa chini. Mbao zikavunjika, sufuria na mbabula vikafunikwa. Mama mwenyewe alikuwa sokoni, na watoto wake walikuwa kwenye masomo. Kama ingekuwa usiku, tungekuwa tunawaandikia habari nyingine kabisa.

Tulishuka kumwomba msamaha. Hakutupigia kelele. Alituuliza neno moja tu: "Walimu, mvua ikinyesha juu ya nyumba yenu, maji yatapita wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tunafundisha watoto hesabu kila siku, lakini hesabu hiyo hatukuifanya. Tuliifanya usiku ule. Milimetre 1 ya mvua juu ya metre mraba 1 ni litre 1 ya maji. Paa tuliyopanga kujenga ilikuwa metre 8 kwa metre 9, ni kusema metre mraba 72. Mvua kubwa moja ya milimetre 20 inaangusha juu yake litre 1440. Hizo ni bidoni 72 za litre 20. Fikirini mama anasimama juu ya mlima na kumwaga bidoni 72 juu ya jikoni ya mwenzake, kisha anarudia kila mvua inaponyesha.

Tuliuza karo kwa hasara. Pesa ya kwanza ilitengeneza jikoni ya jirani, iliyobaki ilinunua mawe. Toka siku ile tulijiwekea sheria moja: pesa nyingi iende kwenye vitu ambavyo, nyumba ikiisha, huwezi kuvitengeneza bila kubomoa. Vitu vinavyoweza kuongezwa kesho, vingoje kesho.

Karatasi ya kiwanja

Msingi wa kwanza wa nyumba ni karatasi. Toka sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973, ardhi ya Kongo ni mali ya Serikali, na mtu anapewa haki ya kuitumia. Kwa hiyo karatasi ya muuzaji na fishi ya kartie hazitoshi. Ni vizuri kwanza kwenda kwa konservateri kuuliza kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani, na kama pahali pale panaruhusiwa kujengwa. Kando ya mito na ndani ya mabonde yaliyokatwa na maji, bei ni ndogo kwa sababu inayojulikana.

Wamama, majina yenu yaandikwe. Sheria ya familia iliyogeuzwa mwaka 2016 iliondoa ile desturi ya mke kuomba ruhusa ya bwana kabla ya kutia sahihi. Mama anaweza kununua, na anaweza kuandikwa pamoja na bwana wake. Sote tunawajua wajane waliotolewa katika nyumba waliyoijenga kwa kuuza unga na makala, kwa sababu karatasi ilikuwa na jina moja tu. Mwandikishe ndoa komine, na mwandike majina mawili.

Msingi, na ukuta wa kuzuia udongo

Hapa ndipo pesa yetu nyingi ilizikwa, na hatujutii. Nyumba isimame juu ya udongo uliokatwa, isisimame juu ya udongo uliomwagwa. Udongo wa kumwaga unashuka polepole hata kama umekanyagwa, na nyumba inapasuka katikati. Fundi achimbe mpaka afike kwenye udongo mgumu. Akisema "hapa panatosha", mama apige chuma chini asikie mwenyewe.

Ukuta wa mawe unaozuia udongo usifungwe kabisa kwa simenti. Ukifungwa, maji yanajikusanya nyuma yake na kuusukuma mpaka uanguke. Ndani yake yapitishwe matundu au vipande vya bomba, na nyuma yake yawekwe mawe madogo ili maji yapate njia ya kutoka.

Halafu kuna mshipi wa beto wenye vyuma, ambao mafundi wanauita shenaji. Unazunguka nyumba juu ya msingi, na tena juu ya milango na madirisha. Haupendezi macho, na watu wengi wanauruka ili wabakize simenti ya plasta. Lakini tuko kwenye Ziwa Kivu, na ardhi yetu inatikisika. Tetemeko la tarehe 3 mwezi wa pili 2008 liliua watu hapa Bukavu na ng'ambo, Rwanda. Ukuta wa matofali usio na mshipi unafunguka kwenye pembe na kuangukia waliolala. Asiye na pesa ya mshipi, heri ajenge kwa mbao juu ya msingi mzuri wa mawe. Nyumba ya mbao si aibu, na mbao ni nyepesi kuliko matofali.

Paa na njia ya maji

Kwa mabati, tazameni namba. Wengi wanadhani namba kubwa ni bati nzito, kumbe ni kinyume: BG 28 ni nzito kuliko BG 32. Bati nyepesi ni ya bei ndogo leo, lakini upepo unaikunja na kutu inaikula mapema.

Pesa ya mifereji ya bati pembeni ya paa ihesabiwe siku ile ile mnayohesabu mabati, isingoje "tutaona mbele". Maji yakiingia kwenye pipa au tanki, mama anapata maji ya kufua na ya kuosha vyombo bila kupanga mstari kwenye bomba. Yanayozidi yapitishwe katika mfereji wa mawe mpaka kwenye mfereji mkubwa wa kartie. Sisi tulikutana na majirani watatu wa mstari wetu tukachanga kuujenga, kwa sababu maji hayajui mpaka wa kiwanja. Jirani wa chini ndiye aliyetuonyesha yapite wapi. Anaishi pale toka zamani, anaijua njia yao.

Choo, jikoni na waya

Katika eneo letu kipindupindu hakijatuacha. Kwa hiyo shimo la choo ni kazi ya pesa, si kazi ya mwisho. Kanuni inayofundishwa ni kuliweka metre 30 au zaidi toka kisima au chemchemi, upande wa chini wa maji, si upande wa juu. Juu yake liwekwe jiwe la beto linaloweza kusuguliwa, lenye kifuniko.

Jikoni nayo, mama anakaa humo saa nyingi kuliko mtu yeyote anavyokaa kwenye saloni. Madirisha mawili yanayotazamana yanatoa moshi, na hayazidishi bei kwa kitu kikubwa.

Juu ya waya wa umeme tusibakize hata franka. Moto umekwisha kula nyumba nyingi katika kartie zetu za mbao, na unaruka toka nyumba moja kwenda nyingine upesi. Waya mwembamba unaobeba pasi, friji na taa zote ni hatari iliyofichwa ndani ya ukuta. Itwae fundi anayejua kazi, hata kama mwanzoni mnaweka taa tatu tu.

Tulipopunguza

Plafo ilingoja miaka miwili. Rangi ilingoja mitatu. Vyumba vya watoto vilikuwa na mapazia pahali pa milango. Ukuta wa kuzunguka kiwanja mpaka leo ni miti iliyopandwa. Saloni ina simenti laini iliyopigwa vizuri, na watoto wanafanyia kazi zao za masomo pale chini. Wageni hawajatukimbia.

Tena tulipunguza ukubwa. Tulikuwa tumechora vyumba vitano, tukajenga vitatu, tukaacha pahali pa kuongeza. Nyumba ndogo iliyoisha ni bora kuliko nyumba kubwa isiyo na mabati, inayonyeshewa mwaka nyuma ya mwaka.

Yasiyoombwa pesa

Kuna kazi mbili za bei ndogo ambazo mama mwenyewe anaweza kuzifanya. Ya kwanza ni kupima mchanga. Utie nusu chupa ya maji inayoonekana ndani, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, halafu acha mpaka kesho. Mchanga utakaa chini, udongo utakaa juu yake. Ukiona udongo ni mwingi, mchanga huo urudishwe au uoshwe kwanza, kwani udongo unaharibu nguvu ya simenti. Ufanyeni mapema, mbele ya mchanga kupandishwa. Mchanga huo mara nyingi unapanda mlima mgongoni mwa mama mwenzetu, si vizuri kumbebesha bure, na mshahara wake ulipwe siku ile ile.

Ya pili ni kumwagilia beto maji kila siku, kwa siku 7, na kuifunika na mifuko iliyolowa. Beto inayokauka upesi kwa jua la kiangazi inakuwa dhaifu. Watoto wetu walifanya kazi hiyo kila jioni, na leo wanasema wao ndio waliojenga.

Wamama wapenzi, tulipohamia, jirani wa chini alikuja na kikapu cha viazi. Hakuangalia saloni. Alizunguka nyuma ya nyumba, akatazama ukuta wa mawe, akatazama mfereji, akasema: "Sasa ninalala." Kwetu sisi hiyo ndiyo sifa tuliyoipata kwa nyumba hii, na tunawatakia nanyi mwipate.

Maulizo ya kuzungumza katika kikundi

1. Nyumbani kwako mvua inaponyesha, maji yanapita kwa nani?
2. Jina la nani limeandikwa kwenye karatasi za kiwanja chenu? Kama ni moja tu, ni hatua gani ya kwanza ya kufanya?
3. Kati ya mama wanaojenga kiangazi hiki, nani anahitaji tumsindikize kwa konservateri, au twende pamoja kutazama msingi wake mbele ya kuufunika?