Alikataa mkalimani, akatupa vidonge

Na Mwandishi Wetu, Stockholm

Hapa Bredäng, kusini-magharibi mwa jiji la Stockholm, nina jirani kutoka Afrika Mashariki ambaye kwa muda mrefu hakunywa chai mbele za watu. Mikono ilikuwa ikimtetemeka.

Alikuwa akimeza haloperidoli, dawa iliyogunduliwa Ubelgiji mwaka 1958. Waliotibiwa Mathari au Mirembe wanaifahamu. Hutuliza sauti anazosikia mgonjwa peke yake, lakini pia huweza kukakamaza misuli. Ndipo daktari akaamua kumhamishia kwenye olanzapini.

Mara nyingi uhamisho wa namna hii hufanywa hatua kwa hatua: dawa mpya huongezwa huku ya zamani ikipunguzwa, na kwa muda mgonjwa humeza zote mbili. Akiikatisha ya zamani ghafla, anaweza kukosa usingizi, kuhangaika, na ugonjwa ukarudi.

Jirani yangu hakuyaelewa hayo, kwa sababu alikataa mkalimani. "Kaka, Waswahili wa Stockholm tunajuana," aliniambia baadaye. "Nikisema leo, kesho habari iko harusini." Basi kila alichoambiwa aliitikia "ja", akarudi nyumbani, akatupa vidonge vya zamani.

Siku ya tano alinigongea mlango usiku wa manane. Hakuwa amelala, na alisikia watu wakimsengenya ukutani. Tulipiga 1177, simu ya ushauri wa afya ya Sweden, na asubuhi nikamsindikiza kwa daktari. Mpango ukaanza upya.

Ndugu msomaji, mkalimani wa hospitali hapa Sweden anabanwa na sheria kutunza siri. Ukiona haya, omba wa simu, asiyekuona uso. Kisha uliza: dawa ipi naipunguza, lini, na nikikosa usingizi nimpigie nani? Kama unavuta sigara, sema, kwani moshi wake hupunguza nguvu ya olanzapini. Na kama unakwenda nyumbani likizo, hakikisha dawa itakutosha hadi urudi.

Olanzapini nayo ina gharama yake: huongeza uzito na huweza kupandisha sukari, hivyo vipimo ni muhimu.

Siku hizi tunakunywa chai pamoja na kikombe chake hakitikisiki. Kanzu ndiyo imeanza kumbana. Hilo ameshamweleza daktari, safari hii kupitia mkalimani.