Binti wa Kasisi na Swali Lake: Muthoni Likimani katika Fasihi ya Kenya

Wahakiki wanapoujadili mchango wa misheni katika fasihi ya Afrika Mashariki, aghalabu hutaja shule, mitambo ya kupigia chapa na tafsiri za Biblia. Nyumba ya kasisi, mahali alipoishi mchungaji na mkewe na watoto wao, huachwa kando. Lakini tangu Litein na Tenwek katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, hadi Kahuhia katika vilima vya Murang'a, nyumba kama hizo zilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza ambapo mtoto wa kike aliweza kuzoea kitabu na kalamu.

Makusudi ya makala haya ni kuchunguza matunda ya malezi hayo kwa kutumia mfano mmoja, nao ni maisha na kazi za Muthoni Likimani: mshairi, mwandishi wa hadithi, mtangazaji na mama. Tumemchagua yeye kwa sababu kazi zake zimechapishwa, na habari za maisha yake aliziandika mwenyewe katika tawasifu, Fighting Without Ceasing, iliyotoka mwaka 2005. Hoja yetu ni kwamba nyumba ya kasisi ilimpa binti vitu viwili visivyopatana kwa urahisi: elimu ya kuandika, na kielelezo cha mke mwema anayetii. Likimani alikitumia cha kwanza kukihoji cha pili.

1. Malezi

Muthoni alizaliwa katika miaka ya 1920, akakulia katika mazingira ya misheni ya Kianglikana huko Kahuhia. Baba yake, Levi Gachanja, alikuwa mmoja wa makasisi wa kwanza Waafrika katika sehemu hiyo. Ulikuwa wakati wa mabadiliko makubwa. Agano Jipya la Kigikuyu lilichapishwa mwaka 1926, na mwaka 1929 ukazuka mgogoro wa tohara ya wasichana, ambao uliwagawanya Wakristo Wagikuyu na kuchochea kuanzishwa kwa shule na makanisa huru yasiyotawaliwa na wamisionari. Mtoto wa kasisi hakuweza kuukwepa mvutano huo. Nyumba yao ilikuwa ya Wagikuyu kwa damu na lugha, na papo hapo ilitazamwa na majirani kuwa ni ya dini ngeni.

Mvutano huu ndio uliomo katika riwaya yake, They Shall Be Chastised, iliyotoka mwaka 1974. Riwaya hiyo haiwatukuzi wamisionari, wala haiwatukani. Yaonyesha jinsi mafundisho mapya yalivyofika pamoja na adhabu, na jinsi watu walivyolazimika kuchagua baina ya mambo ambayo hapo zamani hayakuwa yakipingana.

Muthoni alisomea ualimu, akafundisha, kisha akaolewa na Daktari Jason Likimani, Mmaasai, ambaye baada ya uhuru alipata cheo cha juu kabisa katika idara ya tiba ya serikali ya Kenya. Alilea watoto, akatangaza vipindi vya wanawake na vya watoto katika redio, akaanzisha shirika lake la matangazo na uchapishaji, Noni's Publicity, na pia akawa diwani katika Baraza la Jiji la Nairobi. Yafaa msomaji aangalie wingi wa lugha katika maisha hayo: Kigikuyu cha kwa wazazi, Kimaasai cha ukweni, Kiswahili cha mjini, na Kiingereza alichokitumia kuandika vitabu.

2. Swali la mwaka 1974

Katika mwaka huo huo wa 1974 Likimani alitoa utenzi mrefu uitwao What Does a Man Want?, yaani, Mwanamume Anataka Nini? Ndani yake sauti ya mwanamke inapitia hali mbalimbali za wake na wapenzi, ikitafuta sifa itakayomridhisha mume. Kila sifa inapopatikana, huonekana haitoshi. Ucheshi ni mwingi, lakini chini yake mna uchungu wa mtu aliyefanya yote aliyofundishwa kuyafanya.

Msomaji wa Kiswahili hatakosa kumkumbuka Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, ambaye mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utenzi wa wasia. Katika utenzi huo mama amweleza binti namna ya kumtunza na kumridhisha mume. Hapo jambo analolitaka mume huchukuliwa kuwa lajulikana, na kazi ya mke ni kulitimiza. Zaidi ya miaka mia baadaye, Likimani aligeuza jambo hilo hilo likawa swali. Wote wawili ni akina mama, na wote wawili walilelewa katika desturi ya dini iliyoheshimu maandishi. Tofauti yao ni kwamba mmoja atoa wasia, na mwingine anauliza kama wasia huo umewafaa waliousikia.

Kwa upande wa umbo, utenzi wa Likimani haufuati vina wala mizani. Njia hiyo ilikwisha kufunguliwa na Okot p'Bitek wa Uganda mwaka 1966 kwa Song of Lawino, ambamo mke analalamika kwa mumewe. Lakini Lawino ni mwanamke aliyebuniwa na mwanamume. Hali kadhalika, mwaka 1974 ndio alipotoa Euphrase Kezilahabi diwani yake ya Kichomi, iliyozusha ubishi mkali kuhusu mashairi huru ya Kiswahili. Ubishi huo ulishika sana mambo ya vina na mizani. Kazi ya Likimani yatukumbusha swali jingine lililostahili kuulizwa wakati ule: ni nani anayesema ndani ya shairi?

3. Pasi na kumbukumbu

Kitabu chake kinachojulikana zaidi ni Passbook Number F.47927 cha mwaka 1985. Ni hadithi juu ya wanawake wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 na kumalizika Januari 1960. Katika muda huo Wagikuyu zaidi ya milioni 1 walihamishwa kwa nguvu kutoka makwao na kukusanywa vijijini chini ya ulinzi. Kwa kuwa wanaume wengi walikuwa msituni au kizuizini, mzigo wa kazi za kulazimishwa, kama kuchimba mahandaki, uliwaangukia wanawake. Likimani aliandika habari zao kwa njia ya hadithi, akianza na jina la kitabu: mtu aliyegeuzwa kuwa namba ya pasi.

4. Kazi iliyobaki

Mfano huu waonyesha thamani ya maandishi. Tunaweza kujadiliana na Likimani kwa sababu sauti yake imo vitabuni. Katika nchi ya chai hali ni nyingine. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi nyimbo za wasichana wa Kipsigis huko Kapkatet, na mwaka 1979 Taaitta Toweett alichapisha kitabu juu ya historia simulizi ya Wakipsigis. Hiyo ni misingi mizuri. Hata hivyo, mke wa mchungaji aliyetunga wimbo wa kanisa kwa Kikipsigis, au aliyebembeleza watoto kwa maneno yake mwenyewe, hubaki bila jina kazi yake inapoimbwa na watu wote.

Hapana budi basi wanafunzi wetu wanaotoka Kericho na Bomet, waendapo likizo, waanze na wazee wa kike walio karibu nao. Waandike wimbo kwa lugha yake, wauliza ni nani aliyeutunga na alikuwa na umri gani alipoutunga, kisha waliweke jina lake juu ya ukurasa.